Honda CG125 ya platini imelala miaka, plagi haitoi moto

Wakuu, CG125 ya zamani, mfumo wa platini (vidole viwili vya chuma vinavyofunga na kufungua umeme wa cheche). Plagi mpya D8EA, nimeigusisha kwenye injini na kupiga kiki: hakuna cheche. Nianzie wapi?

Jibu
Platini kwanza. Pikipiki ikilala, nyuso zake hushika utando usiopitisha umeme, hata kama kwa macho zinaonekana safi. Pitisha msasa namba 600, kisha karatasi safi iliyoloweshwa petroli kidogo. Usiache mafuta wala chembe za msasa. Pima nafasi kati yake kwa fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi) zikiwa zimeachana kabisa: milimita 0.3 hadi 0.4. Nafasi ya plagi iwe milimita 0.6 hadi 0.7.

Jibu
Kabla ya msasa, mkuu, chomoa waya mweusi wenye mstari mweupe, ule wa swichi ya kuzimia injini. Moto ukirudi, swichi hiyo ndiyo inayopeleka umeme kwenye bodi. Dakika moja tu.

Jibu
Naongezea: kepu ya plagi. Ifungue, kata sentimita 1 ya waya wenye kutu, ikaze upya. Ukiona cheche kubwa kwenye platini zenyewe huku plagi ikitoa moto dhaifu, badilisha kondensa (kifaa kidogo kinachozuia cheche kwenye platini). Koili, inayokuza umeme wa plagi, usiinunue bado.

Muuliza swali
Ilikuwa swichi. Cheche ya bluu sasa. Asanteni.