Mrejesho: mkono wa Idi kwa watoto

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mtakumbuka niliuliza nimpe kila mtoto shilingi ngapi siku ya Idi, hapa kwetu Langoni, Lamu, ambako watoto hupita nyumba kwa nyumba tangu watu watoke msikitini. Wengine mlisema mia mia, wengine mkasema ishirini yatosha.

Nimefuata rai ya yule dada aliyesema wa ukoo wawe mbali na wa mtaani mbali, ila wa mtaani wote sawa. Wapwa zangu niliwapa mia mia. Waliobaki, noti ya hamsini kila mmoja, awe wa jirani au mgeni aliyekuja sikukuu. Hapo sikulegeza kabisa, maana watoto hulinganisha papo hapo barazani, na aliyepewa kidogo huumia.

Noti nilizitafuta mapema, kwa sababu mkesha wa Idi chenji huwa adimu madukani. Kuna mmoja mdogo alikuja kanzu ikiburura chini, kofia imemfunika nyusi, akanibusu mkono kabla hajaomba chochote. Nilifurahi mno.

Mama naye alitaka kila mtoto apate kipande cha mkate wa sinia, kama alivyokuwa akifanya bibi. Wengi walikaa wakala badala ya kukimbilia mlango wa pili, na hilo kwangu lilipita pesa zote.

Fitri, ile zaka ya kumaliza Ramadhani, tulishaitoa kabla ya swala. Idi ya Mfungo Tatu, yaani Idi ya kuchinja, inshallah, nitafanya vivyo hivyo. Mungu awalipe kheri.