Naomba ushauri: wakulima wanakopa mbolea, wakivuna hawalipi

Ndugu zangu, nina duka dogo la pembejeo hapa Uyole, Mbeya, na wateja wangu wengi ni wakulima wa viazi ambao huchukua mbolea kwa mkopo wakati wa kupanda, wakiahidi kulipa wakishavuna. Daftari langu lina kurasa 4 za majina ambayo bado sijayakata kwa wino, na mmoja wao, niliyempa mifuko 6, sasa hapokei simu. Najua sheria inaruhusu kudai deni la mkataba mahakamani ndani ya miaka 6, lakini kumshtaki jirani ninayesali naye kunaniumiza. Je, nidai kwanza nusu ya bei taslimu, au tuandikishane mbele ya mwenyekiti wa mtaa kabla mfuko haujatoka dukani? Aliyefanikiwa anieleze alianzaje, maana msimu umekaribia.