Nikiwa na kete nyeusi namwachia mpinzani kati ya ubao wa chesi, halafu nashindwa kuivunja

Wakuu, heshima kwenu. Nikishika nyeusi, mweupe akifungua kwa askari d4, nacheza ulinzi wa Grünfeld (farasi f6, askari g6, kisha askari d5). Kilichonivuta ni ule mchezo wa Donald Byrne na Bobby Fischer, New York 1956: Fischer, dogo wa miaka 13, anamtoa malkia kafara na anashinda. Kwangu mambo ni tofauti. Tunakulana pale d5 na c3, mweupe anabaki na ukuta wa askari c3, d4, e4, askofu wangu yuko g7 anautazama tu. Katikati ya mchezo nimeshasongwa, sina pa kupumulia. Nirekebishe nini, au niachane nao?

KeteNyeusi: Mkuu, unampa kati bure. Kina Nimzowitsch na Réti, mabingwa wa zamani waliofundisha kuishambulia kati kwa mbali, hawakusema umwachie mtu kati kisha ukae. Ruhusu askari wake waje mbele, halafu wapige kutoka mbali. Askofu akishafika g7, kusukuma askari c5 hakungoji! Kisha farasi c6, na akitoa farasi f3, askofu wako g4 ambane. Kila hatua jiulize wangapi wanaigusa d4 na wangapi wanailinda.

BabuFarasi: Nakazia. Na mchezo huo wa Byrne na Fischer wengi huuanzia hatua ya 17, askofu e6, kwa sababu ya kafara ya malkia. Rudi ya 11, Fischer anapoweka farasi a4. Hapo Byrne kashasogeza malkia mara tatu, askofu mmoja mara mbili, na mfalme bado yuko e1. Byrne akimla farasi yule, farasi wa pili wa Fischer anaruka e4, anagusa malkia na askofu wa Byrne kwa mpigo mmoja. Raha tupu. Malkia wa Fischer mwenyewe alilipiwa ngome, maaskofu wawili na askari mmoja.

Mpenzi_wa_e4: Hamia ulinzi wa Alekhine, farasi f6 tu, mambo mepesi.

KeteNyeusi: Huo ni wa kujibu e4, ndugu. Mwenzio kaulizia d4.

Mleta mada: Nimewaelewa, c5 nilikuwa naichelewesha mno. Sasa mweupe akicheza askari e3 kimyakimya, asijenge ukuta, nifanyeje?

BabuFarasi: Mfiche mfalme wako nyuma ya ngome kwanza, kisha c5 vilevile. Haraka haipo, kati yake haijakutisha bado.