Sabufa ya chini ya siti, mono na boksi, au ampu ya chaneli nne? (IST, nafunga mwenyewe mara ya kwanza)

mgeni_wa_besi
Habari za jioni wakuu. Nina IST. Redio yake ya Kijapani niliitoa mwaka jana, ilikuwa inaishia 90 FM na stesheni nyingi za hapa Dar ziko juu ya hapo. Nikaweka ya Android. Sauti ya mbele naridhika nayo, besi ndiyo hakuna kabisa.

Binamu yangu kauza gari lake, kanipa sabufa ya inchi 12, tupu, bila boksi wala ampu (kikuza sauti). Nyuma ya sumaku imeandikwa 300W RMS (nguvu ya kudumu), 4+4. Jumamosi nimezunguka Kariakoo mpaka miguu imevimba, kila duka lina dawa yake. Wa kwanza anasema hiyo ya binamu niiuze, nichukue sabufa nyembamba ya inchi 8 inayokaa chini ya siti, ampu iko humohumo. Wa pili anataka ninunue ampu ya mono, yaani ya chaneli moja, na kuchongesha boksi. Wa tatu ananisukumia ampu ya chaneli nne, mbili ziende milango ya mbele, mbili ziunganishwe zibebe sabufa, "utakuwa umeua ndege wawili".

Bajeti laki nne, nikijikaza nne na nusu. Ujuzi wangu wa umeme wa gari ni kubadilisha taa na betri. Nishaurini.

dogo_chaneli4
Chukua chaneli nne bila kuwaza mara mbili. Mimi ndiyo nayotumia, spika za mlango zinaamka na sabufa inagonga. Waya mmoja wa chaji, ethi moja, umemaliza.

Mama_Probox
Kaka, mimi ni mtu wa ile ya chini ya siti. Probox yangu ni ya kazi, nyuma nabeba madumu na vitenge, boksi la inchi 12 ningeliweka wapi? Niliifunga na mdogo wangu, saa mbili na nusu tukawa tumemaliza. Redio yetu haina matundu ya RCA (ya kupeleka sauti kwenye ampu), kwa hiyo tulichukua sauti kutoka kwenye waya za spika za nyuma. Yenyewe inawaka ikisikia muziki na kuzima ukizima redio.

Ila niseme kweli: ni besi ya kujazia, ya wewe uliye ndani. Kama unataka wa nje wageuke, hiyo si yake.

Waya_Mwekundu
Mgeni, kabla hatujafika kwenye ladha, hiyo "4+4" ndiyo itakayoamua.

Maana yake sabufa ina koili mbili (misokoto ya waya inayoisukuma), kila moja ina ukinzani wa omu 4. Unaweza kuziunganisha kwa namna mbili tu. Chanya na chanya pamoja, hasi na hasi pamoja, unapata omu 2. Au zifuatane, hasi ya koili ya kwanza iingie chanya ya koili ya pili, unapata omu 8. Omu 4 kwa koili zote mbili haipatikani hata ukeshe.

Sasa ampu nyingi za chaneli nne, ukishaunganisha chaneli mbili kuwa moja, mwisho wake ni omu 4. Ukiipa 2, itajizima kila besi ikishuka, au itaungua kabisa. Ukiipa 8, italia kinyonge, karibu nusu ya nguvu. Dogo, naamini ya kwako ina koili moja ya omu 4, ndiyo maana ikakubali. Ya huyu haitakubali. Mono inayobeba omu 2 ndiyo mwenzake.

dogo_chaneli4
Nimeenda kuangalia nyuma. Koili moja, omu 4. Nimenyamaza 😂

mgeni_wa_besi
Nimepima kwa mita ya jirani, kila koili inasoma 3.6. Je, imeharibika?

Waya_Mwekundu
Hapana, iko salama. Mita inapima ukinzani wa waya peke yake, koili ya omu 4 husoma chini kidogo ya 4. Ingesoma 0 au isisome kitu, hapo ungekuwa na sabufa ya kutupa.

Jambo jingine la dukani: usisome wati zilizochorwa kwenye boksi la ampu. Igeuze, soma fyuzi iliyochomekwa ubavuni. Ukikuta "2000W" na fyuzi ya ampea 30, piga hesabu palepale: 30 mara volti 13.8 ni wati 414. Hizo ndizo zinazoingia, na nyingine zinapotea kuwa joto. Ampu ya daraja D inatoa kama asilimia 80 ya inachokula, ile ya AB ni kama nusu au zaidi kidogo. Wati 2000 zitatoka kwa nani? Kwa sabufa yako tafuta mono ya daraja D iliyoandikwa wazi 300W RMS kwenye omu 2. Nimeshaona muuzaji akikasirika kuombwa aigeuze ampu. Huyo muage kwa heri.

mwana_wa_Likoni
Ndugu yangu, mimi niko Mombasa na nitakwambia jambo moja tu, fyuzi ya betri.

Mimi nilifungiwa na fundi, jina simtaji. Alipitisha waya wa chaji kwenye tundu la ukuta wa injini, bati tupu, hakutia mpira. Fyuzi akaiweka nyuma kando ya ampu, nami nikaona kazi safi. Miezi minne baadaye niko foleni ya feri, gari limezimwa, redio imezimwa, nasikia harufu kama ya ndala iliyochomwa. Nikaangalia chini, moshi unatoka pembeni ya zulia upande wa abiria. Bati lilikuwa limeukata ule mpira wa waya kidogo kidogo kwa mtetemo, chuma kikagusa chuma. Fyuzi ya nyuma haikusema kitu, kwani shoti ilikuwa mbele yake. Betri nzima inamwagika kwenye waya. Nilifungua bonati, sina spana, kijana wa tuktuk akanirushia namba 10. Ile nati nilivyoilegeza bado ina joto.

Fyuzi iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45. Na tundu litiwe mpira. Ndiyo hayo tu.

mgeni_wa_besi
Pole sana kaka. Hiyo ya harufu imeniingia. Sasa waya wa unene gani? Seti ya waya namba 4 nimeiona bei rahisi ajabu.

Waya_Mwekundu
Ikwangue ncha kwa kisu. Ukiona rangi ya fedha chini ya ile ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Si haramu, ila inapitisha umeme kama theluthi mbili ya shaba tupu, kwa hiyo unapanda saizi. Kumbuka namba ikiwa ndogo waya ni mnene. Hesabu yako: wati 300 gawa kwa 0.8, ampu inakula 375, gawa kwa 13.8, unapata kama ampea 27. Kutoka mbele hadi buti ya IST weka mita 5. Shaba tupu namba 8 inatosha, na fyuzi ya ampea 40 pale betri. Kama ni aluminiamu, chukua hiyo namba 4.

Siku ya kazi: toa kwanza kichwa cha hasi cha betri, ukirudishe mwisho kabisa. Waya wa chaji upite upande mmoja wa gari, RCA upande wa pili, la sivyo utasikia mluzi unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta. Waya mwembamba wa kuiwasha ampu unatoka nyuma ya redio, kawaida ni wa bluu. Usiuchukue moja kwa moja kwenye betri, ampu itakesha macho na asubuhi gari haliwaki.

Ethi ndiyo wengi wanaikosea. Ifunge kwenye bodi palepale buti, waya usizidi nusu mita, unene uleule wa chaji. Piga msasa mpaka rangi iishe, na chini ya rangi kuna ule upako wa kijivu, nao utoe. Unataka bati ling'ae kama sarafu mpya. Kaza kwa boliti, kisha paka grisi juu, maana kwa unyevu wa Pwani kutu haichelewi. Boliti ya mkanda wa siti usiiguse.

fundi_mbao_Tandika
Boksi: kwa buti ya IST fanya lililozibwa pande zote, kama lita 28 hadi 30, ubao wa milimita 18. Lenye tundu linapiga kwa sauti zaidi lakini linataka karibu mara mbili ya nafasi, na vipimo vya tundu ukikosea linavuma kama pipa. MDF ni nzuri, ila ikinyeshewa inavimba kama mkate kwenye chai. Ziba kona zote kwa gundi na silikoni.

Mama_Probox
Basi kwa sabufa ya bure mkononi, nakubali mono inamfaa. Ya kwangu naipenda vilevile.

mgeni_wa_besi
Wiki mbili baadaye, narudisha majibu. Nimechukua mono, fyuzi yake ya ubavuni ni 40, nimeigeuza mbele ya muuzaji na akacheka. Fyuzi kubwa iko shubiri moja na nusu kutoka betri. Kutafuta tundu lenye mpira kwenye ukuta wa injini kulinila saa nzima, kazi nyingine zote saa nne.

Geini ya ampu nikasema niipandishe mpaka mwisho, rafiki akanizuia mkono.

Waya_Mwekundu
Huyo ni rafiki wa kweli. Geini ni ya kulinganisha ampu na redio, kazi ya kuongeza sauti si yake. Chomoa sabufa, zima besi zote za redio, iweke robo tatu ya sauti, piga mlio wa hezi 50, mita iwe volti za AC kwenye matundu ya ampu yanayokwenda kwa sabufa. Wati 300 mara omu 2 ni 600, kipeuo chake cha pili ni 24.5. Panda taratibu, ikifika 24.5 acha. Kichujio cha chini, kinachopitisha besi tu, kiweke kwenye hezi 80.

mgeni_wa_besi
Nimefanya, 24.3, nimeiacha hapo. Besi imetulia, inaingia mgongoni. Tatizo sasa kibao cha namba cha nyuma kinalia kuliko sabufa.

fundi_mbao_Tandika
Kata sponji ya godoro, ibane nyuma ya kibao.