Je, Barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu ifungiwe magari?

Muuzaji wa vitambaa, Kisumu

Ndugu zangu, nina duka la vitambaa kwenye Barabara ya Oginga Odinga, na wenzangu hujadili mara kwa mara kama sehemu yake yenye maduka mengi ifungiwe magari ili wanunuzi watembee kwa nafasi. Wazo hilo linanivutia, kwa maana mteja anayekwepa tuktuk na bodaboda mlangoni pangu hana utulivu wa kukagua kitenge. Hata hivyo, majora yangu huletwa na lori, na wapo wateja wanaotoka Bondo na Ahero kununua kwa jumla, ambao wakilazimika kubeba mizigo begani hadi mbali watahamia kwa muuzaji mwingine. Je, miji iliyochukua hatua hiyo ilifanyaje kuhusu mizigo, na biashara zilinusurika?

Mpangaji miji, Nakuru

Ndugu, hofu yako ndiyo waliyokuwa nayo wenye maduka wa Copenhagen, Denmark, barabara yao ya Strøget, yenye urefu wa takriban kilomita 1.1, ilipofungiwa magari kwa majaribio mnamo Novemba 1962. Wengi waliamini kwamba bila magari hakuna mauzo, na kwamba baridi ya nchi yao haimruhusu mtu kutembeatembea nje. Miaka miwili baadaye hatua hiyo ilifanywa ya kudumu, na leo ni miongoni mwa barabara za maduka zinazojulikana zaidi barani Ulaya. Kuhusu mizigo, utaratibu uliozoeleka katika barabara za aina hiyo ni kuyaruhusu malori asubuhi, kabla wanunuzi hawajawa wengi, huku barabara za pembeni zikibaki wazi siku nzima.

Kufunga kabisa si njia pekee. Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, iliyokuwa na msongamano mkubwa, ilifanywa ya upande mmoja mwaka 2019 na njia za waenda kwa miguu zikapanuliwa, lakini magari bado yanapita. Kwa mji wa ukubwa wa Kisumu, mimi ningeanzia hapo. Kabla ya kuamua, simameni milangoni mwenu kwa wiki nzima mhesabu ni wateja wangapi wanaofika kwa miguu, kwa tuktuk, kwa matatu na kwa magari yao wenyewe. Chunguzeni pia ni ya nani hasa magari yanayokaa mbele ya maduka kutwa, maana mara nyingi ni ya wenye maduka wenyewe, na nafasi hiyo haimsaidii mnunuzi hata mmoja.

Mtumiaji wa kiti cha magurudumu, Kondele

Naomba na sisi tuhesabiwe. Tuktuk hunifikisha hadi mlangoni pa duka. Vizuizi vikiwekwa ncha zote mbili bila mpango wowote, barabara iliyokusudiwa kuwa ya watu itakuwa imenifungia mimi kwanza. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiwango kinachofaa, kwa hiyo hili si jambo la hisani. Barabara zinazokatiza ziachwe wazi ili pasiwe na duka lililo mbali na mahali pa kushukia, sakafu iwe sawa bila ngazi wala mitaro isiyofunikwa, na ipandwe miti, kwa sababu jua la mchana la Kisumu humchosha hata mwenye miguu yenye nguvu.

Mchuuzi wa viatu

Kaka mwenye duka, hujatutaja. Nafasi ikiachwa na magari, wachuuzi tutaingia, kwa kuwa wateja wako ndio wateja wetu, kisha askari wa kaunti wataletwa kutufukuza na sote tutapata hasara. Tuchorewe sehemu zetu tangu mwanzo, tulipie, na milango ya maduka iachwe wazi.

Muuzaji wa vitambaa, Kisumu

Nawashukuru. Dada wa Kondele, umenionyesha jambo ambalo katika mikutano yetu ya wenye maduka halijawahi kutajwa, na nitalipeleka kwa wenzangu pamoja na suala la wachuuzi, kwa maana nao wana haki ya kusikilizwa kabla ya uamuzi wowote. Naona tuombe majaribio ya Jumapili pekee kwanza, malori yakishusha mizigo siku nyingine kama kawaida. Wateja wa jumla hawaji kwangu Jumapili, kwa hiyo majaribio hayo hayatanijibu kuhusu mizigo yao. Kwa hilo tutahitaji pia siku moja ya katikati ya wiki, na eneo la kupakia kwenye barabara ya pembeni, hatua chache kutoka dukani. Mpangaji wa Nakuru, hesabu ya wateja tutaianza Jumatatu.