Marubani wa Kisongo: kusubiri porini chini ya bawa sasa kunaitwa "mapumziko", na tunatakiwa tusaini kufikia Jumatatu

Wakuu, habari za jioni.

Nimekuwa msomaji wa kimyakimya humu kwa miaka, leo nimeshindwa. Mimi ni rubani, narusha Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kutoka uwanja wa Kisongo hapa Arusha kwenda mbugani na kurudi. Kampuni siitaji, msinilazimishe, nina watoto wanasoma.

Ijumaa jioni tumepewa mkataba mpya. Kurasa kumi na nne za Kiingereza cha mawakili, na sharti moja: urudishwe umesainiwa Jumatatu saa nne asubuhi. Hakuna kikao kilichoitwa, hakuna aliyeulizwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masharti ya kazi yaliyoandikwa yakibadilika, mwajiri anayarekebisha kwa kushauriana na mfanyakazi. Bahasha kuachwa kwenye meza ya opereshini kila mtu achukue yake, huko ndiko kushauriana?

Naomba niwaeleze siku moja tu ya wiki iliyopita.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshafika Kisongo. Wingu limeufunika Meru wote, ndiyo Arusha ya miezi hii. Nakagua ndege kwa tochi, napima mafuta, nasaini karatasi ya uzito. Mabegi ya wageni, kilo 15 kila mmoja, nayasukuma mwenyewe kwenye tumbo la mizigo chini ya ndege, magoti yako kwenye lami, na shati jeupe ni hilohilo nitakalosalimia nalo abiria. Viwanja vya mbugani ni Manyara, Seronera, Kogatende, narudi Seronera, naenda tena Kogatende. Hadi jioni nilikuwa nimepaa na kutua mara saba.

Mara ya pili Kogatende nilifika saa sita kasoro. Wageni niliotakiwa kuwachukua walikuwa bado Mto Mara. Nyumbu wamejaa ukingoni hawavuki, na wageni wamekataa kuondoka mpaka wavuke. Siwalaumu, wametoka mbali kuja kuona jambo hilo. Nikasubiri saa tatu na dakika ishirini. Kivuli pale ni cha bawa tu, kinahama na wewe unahama nacho. Mbung'o wanafuata bluu nzito na nyeusi, ndiyo maana vitambaa vya kuwanasa vinavyotundikwa porini ni vya rangi hizo, na suruali zetu za sare ni bluu nzito. Wanakuuma mpaka kupitia soksi. Huwezi kusinzia na huwezi kusogea mbali, kwa sababu ndege iko mikononi mwako: nyani wanakuja, gari la kempu linarudi nyuma karibu na mkia, na simu ya opereshini inalia kila baada ya muda, "Wameshafika?"

Nilitoka Kisongo saa kumi na mbili na nusu jioni. Tangu nifike ni saa 13.

Sasa someni mkataba mpya unavyosema. Muda wowote wa kusubiri kiwanjani unaofika saa tatu au zaidi "utahesabika kuwa mapumziko". Yaani ule muda niliokuwa nafukuza mbung'o na kulinda ndege ya mtu, mimi nilikuwa napumzika.

Kwa nini saa tatu hasa? Nilikaa usiku kucha na ile sheria mpaka nikapata jibu. Kifungu cha 24 kinampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za kupumzika kila siku. Lakini kinaruhusu zipunguzwe hadi 8 iwapo kuna makubaliano ya maandishi na siku ya kazi ilikatizwa na mapumziko yasiyopungua saa tatu. Mmeona? Saini yangu ndiyo makubaliano ya maandishi, Kogatende ndiyo mapumziko. Nikisaini, wanaweza kunitoa saa tatu na nusu usiku wakanirudisha saa kumi na moja na nusu alfajiri, na karatasi ikasoma vizuri kabisa. Mtu aliyeandika kipengele hicho cha mkataba anaijua sheria kuliko sisi, na aliijua vizuri alipokuwa anaandika.

Kuna la mshahara pia. Mshahara wa msingi umekatwa theluthi, tunaambiwa tutafidiwa kwa bei kubwa ya saa za kuruka. Ila saa zenyewe wamebadilisha kipimo. Zamani tulihesabu tangu injini inawaka mpaka inazimwa. Sasa ni kuanzia tairi kuacha ardhi mpaka kugusa ardhi. Kila safari ina kama dakika kumi za kutembea ardhini. Kwa safari saba hizo ni dakika 70 kwa siku, nafanya kazi injini inaunguruma, abiria wako nyuma yangu, na hazilipwi. Halafu ije Aprili na Mei, kempu nyingi zimefunga, viwanja vya udongo ni tope. Daftari langu la safari linaonyesha saa 91 Agosti na 22 Aprili. Kodi ya nyumba haijui masika.

Kundi letu la WhatsApp limegawanyika vibaya. Makapteni wakongwe wanasema tusaini, bei ya saa ni nzuri. Kwao ni kweli, kwa sababu rosta ikipangwa wao ndio wanajaziwa saa kwanza. Mmoja kaniandikia, "Mdogo wangu, we ulidhani kazi hii ni ya ofisini?" Kaka, nakuheshimu, wewe ndiye uliyenifundisha kutua Lobo upepo wa ubavu. Lakini hapa umekosea. Na wengine wanataka tugome kesho asubuhi, bila chama, bila mwanasheria, bila barua. Marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022 walikuwa na chama chao, KALPA, na bado mahakama iliwaamuru warudi kazini ndani ya siku chache. Sisi tuna kundi la WhatsApp ambalo hata meneja yumo.

Kinachoniumiza zaidi ni vijana. Kuna rubani msaidizi, bondi yake ya mafunzo, yaani muda aliofungwa kubaki kazini kwa kusomeshwa na kampuni, imebakiza miezi mitano. Mkataba mpya unaanza kuhesabu upya miaka mitatu, na akiondoka kabla anadaiwa gharama yote. Babake aliuza kipande cha kihamba, shamba la ukoo, Machame ili mtoto apate leseni ya rubani wa kibiashara. Mchagga akikwambia ameuza kihamba, unajua mambo yalifika wapi. Jana kijana ananiuliza, "Bro, nisaini?" Sikuwa na la kumjibu.

Najua watakuja watu hapa kusema marubani mnalipwa vizuri acheni kulia. Sawa, tuache hela pembeni. Jumatano iliyopita, mtuo wa sita wa siku, nakaribia Seronera na abiria kumi na mmoja. Nilisoma orodha ya ukaguzi mpaka mwisho, nikajibu kila kitu kwa sauti, na flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili ndege itue polepole, sikuzigusa. Mdomo ulisema zimeshuka, mkono haukufanya. Nikashtuka baada ya kuona ndege inaenda kasi isivyo kawaida, nikapaa tena, nikazunguka, nikatua. Abiria walidhani kuna pundamilia uwanjani. Nilipozima injini miguu ilikuwa inatetemeka. Nina miaka tisa kwenye ndege hii na haijawahi kunitokea.

Marekani walijifunza hili kwa makaburi. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya abiria ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kwenda kuianza kazi. Wachunguzi waliandika kwamba kapteni aliitikia vibaya onyo la ndege kupoteza mwendo, lakini waliandika na uchovu wa wote wawili. Tangu Januari 2014 rubani wa mashirika ya abiria kule lazima apate saa 10 za kupumzika kabla ya zamu, ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Hapa saa 8 ndizo hizohizo za kuendesha mpaka nyumbani, kuoga, kula, kulala na kurudi.

Halafu stendibai, siku ya kukaa tayari ukisubiri kuitwa. Siku ya stendibai inaandikwa "off" kwenye rosta, hailipwi, ila lazima uwe dakika 45 kutoka uwanjani. Mama yangu yuko Moshi na anaumwa. Mwezi huu nina "off" sita, na sijamwona.

Ninachoomba humu: kuna mtu ameshapeleka shauri la mkataba Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hapa Arusha kabla ya kusaini? Au lazima kwanza uumizwe ndipo wakusikilize? Na waliowahi kusajili chama cha wafanyakazi, sheria inataka watu 20, sisi tukijikusanya na wa kampuni nyingine pale Kisongo tunafika. Njooni PM, nitachangia gharama za wakili.

Mimi Jumatatu sisaini.

NYONGEZA: Rosta ya kesho imeingia kwenye simu sasa hivi, saa nne kasorobo usiku. Kesho ilikuwa "off". Natakiwa Kisongo saa kumi na moja na nusu.