Mrejesho: dodoso la chama chetu, Kisumu

Ndugu zangu, nilikuwa nimeuliza nifanyeje baada ya dodoso la chama chetu cha wauza samaki wa Dunga kusambazwa WhatsApp hadi wasio wanachama wakajibu. Asanteni sana! Kuweka kikomo cha jibu moja kwa kila mtu kwenye Google Forms, huduma ya mtandaoni niliyotumia kwa dodoso, kulizuia kurudia, si wageni. Kilichowaondoa wageni ni wazo la dada mmoja: kila mtu aandike namba yake ya uanachama, kisha nilinganishe na daftari.

Ila kikomo hicho kinadai akaunti ya Google, na akina mama wenye kabambe, zile simu ndogo za kawaida, walibaki nje. Iliniuma, maana hao ndio waanzilishi. Niliwaendea ufuoni na karatasi. Wawili bado sijawapata.